Ushirika na Mwenye Mali Wake

Baina ya mkulima aliyelima na mlaji aliyekula hupita mikono mingi, na kila mkono hubakiza kitu. Hapana ubaya kwa mkono uliofanya kazi kupata ujira wake, kwani biashara ni amali ya halali tangu zama za kale. Walakini aghalabu hutokea kwamba yule aliye katikati, kwa kuwa ndiye mwenye mizani, mwenye ghala na mwenye fedha taslimu, huondoka na fungu kubwa kuliko wenzake wote, ilhali aliyeamka alfajiri kwenda shamba hurudi nyumbani na deni. Swali la nani mwenye haki ya faida ile, na haki hiyo ipimwe kwa kipimo gani, limewashughulisha wenye hekima wa mataifa mengi. Miongoni mwa majibu yaliyotolewa, moja limedumu kwa muda mrefu na kuenea mbali, nalo lilitungwa na watu wa kazi waliokuwa na njaa: kwamba wale wanaoitumia huduma wawe ndio wenye mali, ndio watoa amri na ndio wapokeaji wa faida. Jawabu hilo ni ushirika.

Leo Muungano wa Kimataifa wa Ushirika hukadiria kuwa duniani pana vyama vya ushirika vipatavyo milioni 3, na kwamba wanachama wao hufikia watu bilioni 1. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2012 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, ukafanya vivyo hivyo tena mwaka 2025. Hesabu hizi ni kubwa, lakini ukubwa peke yake haumwelezi msomaji kwa nini vyama vingine vimeinua wilaya nzima kutoka ufukara, na vingine vimewaachia wanachama wao madeni na majengo matupu. Rai ya makala haya ni kwamba ushirika huneemesha watu kadiri mwanachama anavyobaki mwenye mali kwa kweli, na huharibika siku mwanachama anapofanywa mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Mji wa Rochdale uko kaskazini ya Uingereza, karibu na Manchester, na katika miaka ya 1840 wengi katika watu wake waliishi kwa kufuma flana. Mashine za mvuke zilikuwa zimekwisha kuishusha thamani ya kazi ya mikono. Ujira ulipungua, migomo ilishindwa, na maskini aliyekopa dukani alikuwa hana ulimi wa kulalamika juu ya bei wala juu ya chakula kilichoghushiwa, kwani zama zile lilikuwa jambo la kawaida katika miji ya Uingereza unga kuchanganywa na chokaa, na majani ya chai yaliyokwisha kutumika kukaushwa yauzwe tena. Wafumaji wa Rochdale walikuwa wamesikia mafundisho ya Robert Owen, tajiri wa viwanda aliyeamini kuwa binadamu akipewa mazingira mema hutengenea. Na kabla yao wafumaji wa Fenwick, huko Uskoti, walikwisha kuungana tangu mwaka 1761. Kwa hiyo hawakuwa wa kwanza kujaribu. Vyama vingi vilivyowatangulia vilikufa kwa kukopesha ovyo, kwa kugombana na kwa kukosa kanuni, nao waliyatazama makaburi ya vyama hivyo kwa makini kabla ya kujenga chao.

Tarehe 21 Desemba 1844, watu 28 walifungua duka dogo katika mtaa wa Toad Lane kwa rasilmali ya pauni 28, iliyokusanywa kwa peni chache kila wiki kutoka katika mishahara isiyotosha chakula. Bidhaa zao zilikuwa siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Fadhila yao ilikuwa katika kanuni. Waliamua kuwa kila mwanachama atakuwa na kura moja, awe na hisa moja au hisa mia. Kuwa bidhaa zitauzwa kwa fedha taslimu, zikiwa safi na kwa kipimo kamili. Kuwa rasilmali itapata riba yenye mpaka. Na kuwa ziada itarudishwa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Baadaye wakatenga sehemu ya ziada kwa ajili ya elimu, wakafungua maktaba na chumba cha kusomea magazeti. Wakampokea na mwanamke kuwa mwanachama kamili, wakati ambapo sheria ya nchi ile bado ilimfanya mume kuwa ndiye mwenye mali ya mkewe.

Kanuni ya kugawa ziada kwa kadiri ya manunuzi yafaa ifafanuliwe kwa mfano, maana ndiyo inayoutenga ushirika na kampuni. Tuseme duka la ushirika limeuza kwa mwaka bidhaa za shilingi milioni 1, na baada ya kulipa gharama zote na kuweka akiba limebakiwa na shilingi elfu 50. Ziada hiyo ni senti 5 kwa kila shilingi iliyouzwa. Mjane aliyenunua vitu vya shilingi elfu 100 atarudishiwa elfu 5, na tajiri aliyenunua vitu vya elfu 10 atapata shilingi 500 tu, ijapokuwa tajiri huyo ana hisa mara ishirini kuliko mjane. Katika kampuni, hisa ndizo zinazozaa na hisa ndizo zinazopiga kura. Katika ushirika fedha ni mtumishi anayelipwa ujira wake wa haki, kisha hunyamaza, na anayesema ni mtu. Kwa kanuni hii duka la Toad Lane likakua, na mwaka 1863 vyama vya kaskazini ya Uingereza vikaungana kufanya biashara ya jumla ili visinyonywe na wenye maghala.

Wakati huohuo nchini Ujerumani ushirika ulikuwa ukizaliwa kwa mlango mwingine, mlango wa mkopo. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa mkuu wa kijiji cha Weyerbusch wakati wa njaa ya mwaka 1846 na 1847, akaanzisha chama cha kuwapatia fukara unga na mkate. Alijifunza kutokana na kazi ile kwamba sadaka, pamoja na thawabu zake, humsitiri maskini leo na kumwacha maskini kesho, na kwamba adui mkubwa wa mkulima mdogo ni mkopeshaji anayemkamata shingoni wakati wa kiangazi na kumnyang'anya ng'ombe wakati wa mavuno. Mwaka 1864 huko Heddesdorf akaunda chama ambacho wanakijiji wenyewe waliweka akiba na wenyewe wakakopeshana, wakidhaminiana wote kwa mali zao zote. Dhamana yake ilikuwa ujirani: jirani humjua jirani yake, hujua kama ni mchapa kazi au mlevi, na humwonea haya kuliko amwoneavyo haya karani wa benki ya mbali. Vyama vya akiba na mikopo tunavyovijua leo, vya walimu, vya madereva, vya wakulima na vya wachuuzi, ambavyo nchini Kenya vimekuwa nguzo kubwa ya kujengea nyumba na kusomeshea watoto, ni wazao wa fikira ile. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Raiffeisen alionyesha kwamba kibaba hicho chaweza kuwa chetu wenyewe.

Vyama vilipoenea katika nchi nyingi vilihitaji kujuana, na mwaka 1895 wajumbe wakakutana London wakaunda Muungano wa Kimataifa wa Ushirika. Muungano huo umepita salama katika vita viwili vya dunia, na mwaka 1995, katika mkutano wa Manchester wa kutimiza miaka 100, ulizithibitisha kanuni saba: uanachama wa hiari ulio wazi kwa wote; utawala wa kidemokrasia wa wanachama; ushiriki wa wanachama katika uchumi wa chama; uhuru wa chama kujitawala; elimu, mafunzo na habari; ushirikiano baina ya vyama; na kuijali jamii. Mwenye kuzitazama kanuni hizi kwa makini ataona kwamba nyingi katika hizo huuliza jambo moja, yaani kama mwanachama yumo au hayumo.

Katika Afrika ya Mashariki historia ya kanuni hizi imeandikwa kwa kahawa na pamba. Kahawa ilifikishwa Kilema, katika miteremko ya Kilimanjaro, na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na Wachaga wakaipanda katika vihamba vyao chini ya kivuli cha migomba. Walowezi hawakupendezwa. Walidai kuwa mashamba ya Waafrika yataeneza magonjwa ya mibuni, na waliogopa kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakuwa tena na haja ya kwenda kuajiriwa katika shamba la mwingine. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kwanza, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake, ili kuilinda haki yao ya kulima, kupambana na wadudu, na kuiuza kahawa yao kwa pamoja. Baada ya serikali ya Tanganyika kutunga sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, chama kile kikaacha nafasi kwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933 kikiwa na vyama vya msingi vijijini.

Mambo hayakuwa mepesi. Bei ya kahawa duniani iliporomoka katika miaka ile, na mkulima, ambaye amri ilimlazimisha kuiuza kahawa yake kwa njia ya chama tu, akaanza kukiona chama kuwa mkono wa serikali na wa machifu. Mwaka 1937 hasira ikafura, maghala kadhaa yakashambuliwa, na baadhi ya viongozi wa upinzani wakahamishwa kwa nguvu. Mtu anaweza kulazimishwa kuuza. Hawezi kulazimishwa kuamini. Walakini baada ya Vita Kuu ya Pili bei zilipanda, chama kikaimarika, na fedha za kahawa zikaonekana katika shule, katika nyumba za bati na katika jengo refu la chama mjini Moshi. Mji huohuo ulipata Chuo cha Ushirika mwaka 1963, na chuo hicho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Kusini ya ziwa Viktoria, kilio cha wakulima wa pamba kilikuwa juu ya mizani. Mkulima wa Usukuma alibeba pamba yake mwendo mrefu, akaipeleka kwa mnunuzi, na mnunuzi akaipima kwa mizani ambayo mkulima hakuruhusiwa kuichungulia. Katika miaka ya 1950 wakulima walianza kuungana ili waweke wapimaji wao wenyewe, na kutokana na vikundi hivyo, kwa uongozi wa Paul Bomani, ambaye baada ya uhuru alikuwa waziri wa fedha, likaundwa mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria. Haikuchukua miaka mingi shirikisho hilo likawa na vinu vyake vya kuchambulia pamba, na kufikia mwisho wa muongo ule karibu pamba yote ya jimbo ilikuwa ikipita mikononi mwake. Hivyo watu waliodaiwa kuwa hawajui biashara wakaongoza biashara kubwa, kwa kuwa kila mmoja wao alijua jambo moja kwa hakika: uzito wa pamba yake.

Baada ya uhuru vyama vya Tanzania viliongezeka upesi kuliko maarifa ya kuviongoza. Vingine viliundwa kwa maagizo kutoka juu, mahali ambapo wakulima hawakuviomba. Makarani hawakutosha, hesabu zilichelewa, na kamati maalumu iliyoteuliwa na Rais Nyerere mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu, siasa na wanachama wasioelewa chama chao. Dawa iliyochaguliwa mwishowe ilimuua mgonjwa. Mwezi Mei 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, kazi zake zikapewa mamlaka za mazao, na kila kijiji kikahesabiwa kuwa ni chama. Mkulima akawa hana hisa, hana kura wala mkutano mkuu. Akangoja malipo yaliyochelewa, akipokea stakabadhi mahali pa fedha. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama kurudi, na Mwalimu Nyerere, kwa uungwana ambao si viongozi wengi walio nao, alikiri baadaye kwamba kuvivunja vyama vya ushirika ni katika mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya.

Lakini nyumba iliyobomolewa haijengwi upya kwa sheria peke yake. Vyama vilivyorudi vilirithi madeni, vikakutana na soko huria la miaka ya 1990, na wanunuzi binafsi wenye fedha mkononi wakawafuata wakulima hadi uani. Sheria mpya za mwaka 1991, 2003 na 2013 zilijaribu, kila moja kwa namna yake, kukirudisha chama kwa mwanachama na kuimarisha usimamizi. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara mkulima wa korosho sasa hupeleka mazao yake ghalani kwa njia ya chama chake cha msingi, akapewa stakabadhi, na korosho ikauzwa kwa mnada. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani umewapa wengi bei iliyo wazi, na umezaa manung'uniko pia kila malipo yanapokawia au makato yanapokuwa hayaelezwi. Manung'uniko hayo si ya kudharauliwa, maana anayeuliza habari za makato ni mtu anayekumbuka kuwa mali ni yake.

Yafaa sasa kutazama mahali ambapo kamba baina ya mwanachama na chama chake haikukatika. Katika wilaya ya Kaira, jimbo la Gujarat nchini India, wafugaji walilazimika kuuza maziwa yao kwa kampuni moja iliyopewa haki ya peke yake kupeleka maziwa Bombay. Mwaka 1946, kwa ushauri wa Sardar Vallabhbhai Patel, walikataa kuuza, wakayamwaga maziwa yao badala ya kuyatoa kwa bei ya dhuluma, kisha wakaunda chama kikuu chao katika mji wa Anand chini ya Tribhuvandas Patel. Mwaka 1949 akaja huko mhandisi kijana, Verghese Kurien, akakaa maisha yake yote katika utumishi wa wafugaji hao; na mwaka 1955 kiwanda chao kilitengeneza maziwa ya unga kutokana na maziwa ya nyati wa kufugwa, jambo ambalo mabingwa wa Ulaya walikuwa wamesema haliwezekani. Utaratibu wa vijijini ni rahisi na ndio siri yake: asubuhi na jioni mfugaji, aghalabu mwanamke mwenye mifugo miwili au mitatu, huleta maziwa katika kituo cha chama cha kijiji, hupimwa wingi na mafuta yake mbele ya macho yake, naye hulipwa kwa kipimo hicho. Mwanachama huyo hukutana na chama chake mara mbili kila siku. Mwaka 1970 India ilianza kuueneza mfano wa Anand katika majimbo mengine, na kabla ya karne kwisha ikawa nchi ya kwanza duniani kwa wingi wa maziwa.

Mfano wa namna nyingine uko Mondragon, katika nchi ya Wabaski huko Hispania, ambako padri José María Arizmendiarrieta alifungua shule ya ufundi mwaka 1943, na wanafunzi wake wakaanzisha mwaka 1956 kiwanda ambacho wafanyakazi wenyewe walikuwa ndio wenye mali. Leo kundi la vyama vilivyotokana na kiwanda kile lina wafanyakazi makumi ya maelfu, na tofauti kati ya mshahara wa juu na wa chini huwekewa mpaka na wanachama. Mwaka 2013 mojawapo ya viwanda vyake vikubwa, kilichotengeneza vyombo vya nyumbani, kilifilisika. Lakini wengi katika wanachama wake walipokelewa kazini katika vyama ndugu. Ushirika haukuwakinga na hasara ya soko. Uliwakinga wasibaki peke yao katika hasara ile.

Kutokana na habari hizi zote, mwanachama wa kawaida wa chama cha mazao au cha akiba na mikopo anaweza kujipatia faida ya mara moja, kwani maradhi ya ushirika yanajulikana na yanafanana kila mahali: mkutano mkuu usiohudhuriwa, mhasibu asiyekaguliwa, mwenyekiti asiyeondoka, mkopo unaotolewa kwa udugu, na mwanachama anayeuza kwa siri kwa mlanguzi mwaka wa bei nzuri kisha akikimbilie chama mwaka wa bei mbaya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomwa ni sawa na lisilokuwapo. Basi mwanachama na aulize katika mkutano: chama kimeuza kwa bei gani, na bei ya soko ilikuwa ngapi? Makato ni yapi, na nani aliyaidhinisha? Malipo ya pili na majaliwa yatalipwa lini, na kwa hesabu ipi? Chama kinadaiwa na nani, nacho kinamdai nani? Mkaguzi amesema nini, na yale aliyoyasema mwaka jana yalitekelezwa? Maswali haya hayahitaji shahada. Yanahitaji uso usioona haya kuuliza habari za jasho lake, na viongozi wenye insafu wasiomwona muulizaji kuwa adui.

Wala serikali haikosi fungu katika jambo hili. Inapotunga sheria ya haki, ikawafundisha wakaguzi, ikawashtaki wezi na kisha ikamwachia mwanachama kura yake, ushirika hustawi. Inapotaka kuwa mzazi wa kila chama, huzaa watoto wasiojua kusimama. Hali kadhalika wale wanaoona kuwa ushirika ni mambo ya zamani yaliyopitwa na soko na wafikiri tena, kwa kuwa mkulima mmoja mwenye magunia matatu, akisimama peke yake mbele ya soko la dunia, hana bei; ana bahati tu.

Neema inayoshirikiwa haitoki katika wingi wa mali, maana dunia imejaa nchi tajiri zenye watu fukara. Hutoka katika utaratibu unaompa aliyetoa jasho haki ya kujua, haki ya kuamua na haki ya kupokea, na utaratibu huo umekwisha kujaribiwa kwa karibu karne mbili, katika baridi ya Rochdale, katika vihamba vya Kilimanjaro na katika vijiji vya Gujarat, ukafaulu kila mahali ambapo wanachama waliushika wenyewe. Kwa hiyo utakapobandikwa tangazo la mkutano mkuu wa chama chako, nenda. Omba hesabu isomwe kwa sauti na kwa lugha unayoielewa, na usipige kura mpaka uridhike.